Twende Bempton mwezi wa tano

Hotuba iliyotolewa mbele ya familia zinazozungumza Kiswahili, mjini Hull, England, mwanzoni mwa majira ya machipuko

Shikamooni wazee wangu. Habari zenu kina mama na kina baba, vijana, na nyinyi watoto mliokaa chini hapa mbele.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie matembezi ya mwezi wa tano: tunakwenda wapi, tunaondoka lini, na kila mtu abebe nini. Hayo yote nitayasema. Lakini kwanza naomba mnivumilie niwaeleze kwa nini nimeng'ang'ania twende kwenye majabali ya Bempton. Wengi wetu tumeishi hapa Hull miaka mingi. Watoto wetu wamezaliwa hapa. Na kumbe kwa mwendo wa kama saa moja kwa treni kuna ndege wa baharini wanaofikia nusu milioni, wanaokuja kila mwaka kati ya mwezi wa tatu na wa kumi kutaga na kulea, na wengi katika ukumbi huu hatujawahi kuwatia machoni. Jambo hilo linanisumbua sana. Mtu akiishi mahali, na apajue.

Treni inatoka hapa inaelekea kaskazini, inapita Beverley, Driffield, Bridlington, na kituo kinachofuata ni Bempton. Ukishuka unakatiza kijiji, unashika njia ya mashambani, unatembea kilomita mbili na ushei, halafu nchi kavu inakatika. Inakatika kabisa. Mbele yako ni hewa tupu, na chini, kama mita 100, ni Bahari ya Kaskazini. Jabali lenyewe ni chaki nyeupe, mabaki ya viumbe wadogo mno wa baharini waliorundikana kwenye sakafu ya bahari zama za dinosauri. Wale mliokulia Mombasa, Lamu au Unguja, mkakanyaga mawe ya matumbawe mkiwa watoto, mnajua vizuri jinsi viumbe wa bahari wanavyoweza kugeuka kuwa ardhi.

Sikio na pua vitatangulia kufika kabla ya jicho. Kelele zile hazina mfano: maelfu kwa maelfu wanaita kwa pamoja, na katikati ya sauti zote utamsikia shakwe mmoja mwembamba anayelitaja jina lake mwenyewe mchana kutwa, kitiweki, kitiweki. Harufu pia ni kali, maana samaki wote wanaoliwa pale mabaki yake yanaishia kwenye mwamba. Watoto wataziba pua kwa dakika tano, halafu watasahau.

Niseme kidogo kuhusu maua, kwa sababu tukipanda juu ya jabali mwezi wa tano ndiyo tutakayokutana nayo kwanza. Udongo wa juu pale ni mwembamba, upepo umebeba chumvi, hakuna mti unaoweza kusimama na kutia kivuli, na ukingoni jembe la trekta halifiki. Kwa hiyo maua madogo yenye subira yamepata nafasi yao. Kuna moja linaitwa thrifti, vichwa vya mviringo vya rangi ya waridi juu ya vikonyo vifupi, linaota hadi pale ambapo hupaswi kukanyaga. Kuna mengine ya njano yanayotambaa kwenye majani. Kuna gorsi, kichaka chenye miiba mikali na maua ya manjano yaliyokolea. Siku ya jua, kina mama, sogezeni pua karibu na maua ya gorsi. Harufu yake ni ya nazi, kama nazi inayokunwa kwenye mbuzi muda huo huo. Kila mtu wa pwani niliyempeleka pale amesimama kimya kidogo akainusa tena.

Na kuna kampioni nyekundu, ambayo kwa macho yangu ni ya waridi iliyoiva. Hiyo hujaa juu ya majabali mwishoni mwa machipuko mpaka njia inapata ukingo wa rangi. Nawaomba muitazame vizuri, kwa sababu mtaona ndege mkubwa mweupe akitua kwenye majani, akichuma nyasi na maua kwa mdomo, kisha akiruka nayo kwenda kumpa mwenzake kwenye kiota. Ndiyo sababu sisi hatuchumi pale hata ua moja. Yana wenyewe.

Ndege huyo anaitwa ganeti. Ni ndege wa baharini mkubwa kuliko wote katika nchi hii. Akikunjua mabawa, toka ncha hadi ncha ni kama mita 1.8. Mwili mweupe, ncha za mabawa nyeusi, kichwa chenye rangi ya manjano hafifu. Anapoona samaki hupanda juu, wakati mwingine hadi mita 30, kisha hujiachia, na kabla tu ya kugusa maji huyakunja mabawa nyuma mwili ukawa mkuki. Huingia majini kwa kasi ya kama kilomita 100 kwa saa. Mwingine yeyote angevunjika shingo. Ganeti ameumbwa na mifuko ya hewa chini ya ngozi ya uso na kifua ya kupunguza kishindo, na hana matundu ya pua kwa nje, maji yasije yakamwingia kichwani. Nyumbani ni mpole kwa mwenzake. Mmoja akirudi kutoka baharini husimama kifua kwa kifua na mwenziwe, wakainua midomo juu na kuigonganisha, muda mrefu, katikati ya majirani wanaogombana pande zote.

Miaka ya 1960 ganeti wa Bempton walikuwa jozi chache tu. Leo wamepita jozi elfu 13, na hilo ndilo kundi pekee la ganeti kwenye bara la England. Mengine yote yako visiwani au huko Uskoti na Wales. Na ganeti ana jamaa zake kwetu. Kusini-mashariki ya Unguja, mbali baharini, kuna kisiwa kidogo tambarare kinachoitwa Fungu Kizimkazi. Pale hutaga ndege mweupe wa ukoo huo huo, mwenye uso mweusi, anayepiga mbizi kwa namna hiyo hiyo. Wavuvi wetu wanamfahamu. Wanajua pia kwamba ndege wakirundikana juu ya maji, chini kuna samaki. Elimu hiyo nitairudia baada ya muda mfupi, maana ndiyo iliyosaidia kuokoa majabali haya.

Lakini ndege ninayempenda zaidi pale ni gilemoti, na nitakaa kwake kidogo. Ni wa kahawia iliyokolea, tumbo jeupe, anasimama wima. Hana kiota. Hajengi chochote. Jike hutaga yai moja tu juu ya mwamba mtupu, kwenye rafu ambayo pengine upana wake haufiki upana wa kitabu, na majirani wamebanana naye bega kwa bega. Yai lenyewe limechongoka upande mmoja. Na hakuna mayai mawili yanayofanana: moja la buluu lenye michoro myeusi, jingine la kijani lenye madoa, jingine jeupe lisilo na kitu. Mama na baba hulitambua la kwao kwa rangi na michoro hiyo katikati ya mamia.

Kinda likifikisha kama wiki tatu, bado halijaweza kuruka, mabawa hayajakomaa. Jioni moja baba hushuka majini na kuanza kuita. Kinda husogea ukingoni, hurudi, husogea tena. Kisha hujitupa. Hushuka urefu ule wote wa jabali, mwili mwepesi wenye manyoya laini, likapiga maji, au likadunda kwenye mawe na kuinuka. Baba hulipata kwa sauti, wakaogelea pamoja kuelekea bahari kuu, na ni baba anayelilisha kwa wiki kadhaa huko. Sisi mwezi wa tano hatutaliona hilo, litakuwa bado yai. Anayetaka kuliona arudi mwishoni mwa mwezi wa sita, akae hadi jioni. Nasema hivi hasa kwa kina baba.

Pafini mtawaona pia, hasa watoto, kwa sababu midomo yao ya rangi iko kwenye kila kadi na kila sumaku ya friji katika mwambao huu. Kwingineko pafini huchimba mashimo kwenye udongo. Pale Bempton wengi hujificha kwenye nyufa za chaki, kwa hiyo inabidi uvumilie na darubini. Rezabili, mweusi mwenye mstari mweupe mdomoni, atakuwa karibu nao.

Sasa naomba wakubwa wanisikilize hapa. Ndege hawa wamebaki kwa sababu watu walibishana, na waliobishana ni wenyeji.

Katikati ya karne ya 19 reli ilifika Bridlington. Pamoja na wasafiri wa kawaida walikuja wanaume wenye bunduki waliokodi mashua, wakakaa chini ya majabali, wakapiga ndege kwa burudani tu. Walipiga mwezi wa tano, wa sita, wa saba, wakati ndege wako kwenye mayai na makinda. Waliojeruhiwa waliachwa wakielea. Makinda yalikufa njaa kwenye rafu, wazazi wasirudi. Mabawa ya kitiweki yaliuzwa kupambia kofia za wanawake mijini.

Wavuvi na mabaharia wa Flamborough, kijiji jirani na Bempton, waliwaita ndege hao marubani. Ukungu ukishuka na mnara wa taa usionekane, kelele za ndege zilimwambia nahodha kwamba mwamba uko karibu, ageuze. Na waliwaonyesha samaki walipo. Kila ndege aliyeuawa ulikuwa usalama na riziki vinavyopungua. Kasisi wa Bridlington, Henry Barnes, aliwakusanya watu wa eneo hilo. Mwaka 1868, katika mkutano wa wanasayansi mjini Norwich, Profesa Alfred Newton wa Cambridge alisimama akaeleza mauaji yale. Mbunge wa East Riding, Christopher Sykes, akapeleka muswada bungeni, na mwaka 1869 ukawa sheria: kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 1 Agosti, ni marufuku kuua ndege wa baharini. Sheria hiyo ilitokana na majabali tunayokwenda kuyatembea. Miaka 20 baadaye, 1889, mwanamke mmoja wa Manchester, Emily Williamson, alianza kuwakusanya wanawake wenzake wakatae kofia za manyoya, na kutokana na wanawake hao ikakua RSPB, jumuiya inayotunza eneo la Bempton leo. Sitaki mabinti zetu wakae wasimjue mama huyo.

Mayai nayo yana historia yake. Wanaume wa Bempton, Buckton na Flamborough walikuwa wakishuka kwenye jabali kwa kamba, kofia zimeshindiliwa majani makavu kukinga mawe yanayoanguka, wenzao wamewashikilia juu. Walikusanya mayai ya gilemoti kwa chakula, kwa viwanda, na baadaye kwa matajiri waliopenda kuyapanga kwenye masanduku. Siwalaumu wanaume wale. Walikuwa na watoto wa kulisha, na ilihitaji moyo kushuka pale. Lakini yupo gilemoti jike aliyetaga mayai mekundu adimu mahali pale pale, na mwaka baada ya mwaka yalichukuliwa kupelekwa kwa mkusanyaji. Mama huyo alitaga karibu maisha yake yote bila kulea. Kazi ile ilikoma kwa sheria ya 1954.

Baada ya hapo mtu angedhani mambo yameisha. Hayajaisha. Kitiweki na pafini wote wako kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini nchini tangu 2015. Sababu kubwa iko chini ya maji. Wanategemea samaki mdogo mwembamba anayejifukia mchangani, sandili. Bahari imepata joto, planktoni, viumbe wadogo wanaoelea majini ambao sandili huwala, imebadilika, na kwa miongo mingi meli zilimvua kwa wingi mno ili atengenezwe unga na mafuta ya kulisha mifugo na samaki wa kufugwa. Mwaka 2024 Uingereza ilifunga uvuvi wa sandili katika maji ya England ya Bahari ya Kaskazini, na Uskoti ikafunga maji yake yote. Mabishano yalikuwa makali na Umoja wa Ulaya ulishtaki. Mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi, na nasema hivyo nikiwa mtoto wa familia ya wavuvi: samaki wa kulisha makinda asisagwe kuwa unga.

Mwaka 2022 ilikuja homa ya mafua ya ndege. Iliua ndege wa baharini kwa maelfu katika pwani za nchi hii. Kwenye kisiwa cha Bass Rock, Uskoti, watafiti waliona kwamba baadhi ya ganeti walionusurika macho yao, ambayo kwa kawaida ni ya buluu hafifu sana, yamegeuka meusi. Mkitazama kwa darubini, angalieni macho. Angalieni na viota: mtaona nyuzi za plastiki za kijani na za rangi ya chungwa, vipande vya nyavu na kamba ambavyo ganeti ameviokota baharini akidhani ni mwani. Kinda likinaswa mguu kwenye nyuzi hizo haliondoki.

Kuna jambo jingine dogo. Tukitoka kituoni, juu ya mashamba, tutawaona mbayuwayu wakipita chini chini. Watazameni kwa heshima, hasa ndugu zetu wa Kongo. Mbayuwayu wanaozaliana Uingereza huvuka Sahara, huvuka misitu ya Kongo, wakafika Afrika Kusini, kisha wanarudi. Ilithibitishwa pale mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni huko Staffordshire mwezi wa tano 1911 alipopatikana Natal mwezi wa kumi na mbili 1912. Na kuna kindege kimoja cha nyasini, kiuno cheupe, kinaitwa witia (wheatear), hupita juu ya majabali mwezi wa nne. Wa hapa huenda Afrika Magharibi. Lakini ndugu zake wanaozaliana Alaska wanavuka bara zima la Asia kuja Kenya, Uganda na Sudan, kama kilomita 14,500, na uzito wao ni gramu 25 tu. Wale mliowahi kumwona akirukaruka kwenye mawe ya Naivasha au Magadi, huenda mlimwona mgeni wa Alaska.

Basi, mambo ya safari. Tunakwenda Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano. Tukutane stesheni ya Hull saa mbili na nusu asubuhi, na mweka hazina ataeleza nauli ya kikundi. Njia ya juu ya majabali ni ya umma. Mwenye miguu yake anapita. Karibu na kituo cha wageni kuna vyoo, na njia za karibu zinapitika kwa kigari cha mtoto na kwa mzee mwenye mkongojo, kwa hiyo bibi na babu wasibaki nyumbani. Wenye nguvu wataendelea hadi mahali panapoitwa Staple Newk, ambako ganeti wamejaa kwenye tao la mwamba, kisha tutarudi kula pamoja. Wenye kuswali, Adhuhuri tutaiswali kwenye nyasi.

Vaeni makoti ya kuzuia upepo hata kama Hull kutakuwa na jua, na viatu vilivyofungwa. Juu ya chaki kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi unaomeguka bila kutoa taarifa, kwa hiyo hakuna mtu kuvuka uzio kwa ajili ya picha, na kila mtoto chini ya miaka kumi ashikwe mkono na mtu mzima anayejulikana kwa jina. Kina mama wanaoleta chapati na sambusa, tafadhali tumieni vyombo vyenye vifuniko, mifuko ya plastiki ibaki nyumbani, maana upepo wa pale ukiunyakua mfuko hatutaupata tena. Tukifika ukingoni, tuongee kwa sauti ya chini.

Darubini ninazo chache za kuazimisha. Wazazi wenye watoto wadogo waje kwangu kwanza, hapa mbele, kabla chakula hakijaletwa. Asanteni sana.